Mcheza kwao hutunzwa: heshima kwa mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Jokofu la muuza samaki likizima asubuhi pale Likoni, hasara huanza kuhesabiwa kabla ya adhuhuri. Changu na tafi walionunuliwa kwa mkopo alfajiri huanza kulegea, barafu inayeyuka, na wateja wa jioni bado wako kazini kisiwani. Mama huyo hana haja ya hotuba kuhusu uchumi wa buluu. Ana haja ya fundi, tena fundi anayejua anachokifanya.

Yupo fundi wa kubahatisha. Huyu huja na mtungi, hujaza gesi, hupokea pesa zake na kwenda. Wiki mbili hazipiti, gesi imetoroka tena kwa tundu lile lile. Na yupo aliyepita chuoni. Yeye anajua kwamba gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama petroli ya tuktuk; ikipungua, imevuja. Kwa hiyo haanzi na mtungi, huanza na povu la sabuni. Hulipaka kwenye maungio ya mabomba, akakaza macho kutafuta kiputo kinachochomoza, hasa kule nyuma ambako hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma mapema. Akiliona tundu, hulichomea, hubadilisha kichujio, kisha hufunga pampu na kunyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani. Hapo ndipo anapopima gesi kwa mizani, gramu kwa gramu, kama kibandiko cha kiwandani kinavyoagiza. Na jokofu likiwa la kisasa linalotumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto, atafungua madirisha na kuomba jiko la makaa litolewe nje kabla hajawasha chochote.

Saa mbili za kazi hiyo ndizo zinazookoa mtaji wa mama, karo ya watoto wake na deni la mvuvi aliyemkopesha. Hakuna gazeti litakaloandika habari hiyo kesho yake.

Mtaani kwetu mhitimu wa chuo kikuu hupokewa kwa vigelegele, mashada ya maua na matatu ya kukodi. Anastahili, na tuzidi kumshangilia. Lakini mhitimu wa chuo anuwai aghalabu hurudi nyumbani na cheti chake kwenye bahasha, na swali la kwanza analoulizwa na shangazi ni lini ataenda chuo kikuu. Maeneo ya Mombasa yaliyo ng'ambo ya kisiwa yamesimama juu ya mikono ya vijana hawa, na heshima tunayowapa ni ndogo kuliko deni tulilo nalo kwao.

Mizizi ya Kengeleni

Ufundi wa upande huu una historia ndefu kuliko serikali ya Kenya yenyewe. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha makazi ya watu waliookolewa utumwani, ng'ambo tu ya kisiwa, wakayaita Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Waliofikishwa pale walikuwa wamenyang'anywa kwao, koo zao na hata majina yao. Pamoja na kanisa na shule, walifundishwa kazi za mikono: useremala, uhunzi na uashi.

Kulikuwa pia na Waafrika waliookolewa majahazini zamani zaidi, wakalelewa na kufunzwa kazi Nasik, huko India, kisha wakarejea pwani ya Afrika Mashariki. Mmoja wao, William Jones, alikuwa mhunzi kabla ya kuwa kasisi. Kengele iliyotundikwa Freretown ili kuwaonya wakazi hatari inapowakaribia ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake, na mnara wake ungali pale kando ya barabara, matatu za Kisauni zikiupita kutwa kucha.

Mtu aliyeuzwa sokoni alipojua kuranda mbao au kufua chuma, alipata kitu ambacho hakuna mnunuzi angeweza kukichukua tena. Ujuzi ulimrudishia hadhi na nafasi katika jamii. Kijana wa Mshomoroni anayetoka chuoni na cheti cha uashi ni mrithi wa historia hiyo, ajue asijue.

Chuo kilichovuka daraja

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ulizaliwa mpango wa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Gavana Sir Philip Mitchell, Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora wote walikuwa na mkono ndani yake. Chuo hicho, Mombasa Institute of Muslim Education, maarufu MIOME, kilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 pale Tudor. Baadaye kilianza mafunzo ya mafundi waliokuwa tayari kazini, walioruhusiwa na waajiri wao kuja darasani siku maalumu. Mwaka 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute, na mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, jina ambalo wazee wengi wa mji huu hulitaja hadi leo kwa fahari. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Jina la Profesa Ali Mazrui, aliyekuwa karani MIOME kabla ya kwenda kusoma Uingereza, linajulikana ulimwengu mzima. Vijana waliokuwa karakanani wakati huo huo, wakishika tupa na nyundo, ni wachache wanaokumbukwa nje ya familia zao. Hata hivyo ndio waliokwenda bandarini, relini, kwenye mitambo ya umeme na kwenye meli, wakaufanya mji uende.

Kupanda hadhi kwa chuo cha Tudor kulileta pengo: nani sasa angefundisha stadi za ngazi ya cheti na diploma kwa wingi? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2016, pale Mombasa Technical Training Institute, iliyoko Barabara ya Kisauni, ilipopandishwa ikawa Kenya Coast National Polytechnic. Bendera ya chuo anuwai cha kitaifa ikawa imevuka daraja kuja upande wetu.

Chini yake kuna vyuo vidogo vya mitaani. Chanzo chake ni ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966, iliyouliza mtoto anayemaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari aende wapi. Jibu lilikuwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Katiba ya mwaka 2010 iliviweka mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mkazi wa Likoni au Changamwe anayeona cherehani mbovu na karakana isiyo na vifaa anajua mlango wa kubisha.

Changamwe, shule isiyo na ukuta

Nenda Changamwe uone ujuzi huo ukifanya kazi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi hapo mwaka 1963. Bomba la mafuta la kwenda Nairobi likafuata mwaka 1978. Kipevu kuna mitambo ya umeme, ukiwemo ule wa megawati 120 uliokamilika mwaka 2011, na kituo cha pili cha makontena kilichofunguliwa mwaka 2016. Kila mojawapo inahitaji mainjinia, ndiyo, lakini inahitaji zaidi watu wa kushika spana usiku wa manane pampu inapogoma.

Tazama kazi ya mchomeleaji. Kuunga mabomba mawili yatakayobeba mafuta kwa shinikizo si kumwaga chuma juu ya ufa. Ncha zote mbili huchongwa mshazari, huachwa nafasi ndogo katikati, kisha tabaka la kwanza hupita chini kabisa. Ganda hugongwa na kusuguliwa hadi chuma kimeremete, ndipo tabaka la pili liwekwe, na la tatu. Mwishowe kiungo hupigwa picha ya eksirei au hupimwa kwa mawimbi ya sauti. Kasoro ya ndani ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, kazi hurudiwa.

Ulezi wa kazi ya namna hiyo haupotei fundi anapotoka getini. Kiwanda cha mafuta kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kilifunga ukurasa mkubwa wa ajira Changamwe, lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kuingia mitaani. Geti la nyumba lililochomelewa Magongo na mkono uliofunzwa hujulikana: viungo vyake vimezibwa pande zote ili maji ya chumvi yasiingie, na limepakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Miaka kumi baadaye bado limesimama, wakati la jirani limeliwa miguu.

Likoni nayo inajua gharama ya kupuuza usalama. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa kupita kiasi ilizama Mtongwe, watu 272 wakapoteza maisha. Tangu hapo hakuna mzazi wa upande huo anayesikia neno usalama kama kitu cha vitabuni. Wahandisi na mafundi wa feri, wanaokagua injini na milango yake, wamebeba dhamana ya maisha ya umati unaovuka kila siku. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vinavyoendelea kuelea, kuna anayevitunza.

Mafanikio hayapimwi kwa mshahara pekee

Upo utaratibu wa wazi wa kupanda ngazi katika kazi hizi. Fundi umeme huanza na cheti au mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu hadi ya kwanza, kisha huomba leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, akapanda daraja kadiri ujuzi na uzoefu wake unavyoongezeka. Wapo walioanza kwa kuvuta nyaya katika nyumba za vyumba viwili Mtongwe, leo wana kampuni zao, wanaajiri na wanalipa kodi. Wapo waliosomea upishi wakafika hoteli za Pwani Kaskazini, meli za watalii na miji ya Ghuba. Hayo ni mafanikio, na tuyataje bila haya.

Ila kuna kipimo kingine ambacho mtaa unakijua vizuri: fundi amefunza wangapi? Pita karakana yoyote ya Bombolulu au Chaani, utamkuta kijana ameshika taa, mwingine anapanga spana, wa tatu ameachiwa kazi nzima huku mwenye karakana akimtazama kwa mbali. Watoto hao wangeweza kuwa maskani tangu asubuhi. Wakati mitaa ya Kisauni na Likoni ilipotajwa magazetini kwa magenge ya vijana wenye mapanga, karakana hizi zilikuwa zinafanya kazi ya malezi ambayo hakuna aliyeitengea bajeti.

Bombolulu ina somo jingine. Tangu mwaka 1969 karakana za pale, chini ya Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini (APDK), zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya kutengeneza mapambo, nguo, bidhaa za ngozi na vinyago. Kabla ya hapo wengi wao walihesabiwa mizigo majumbani kwao. Walipopewa vifaa na mafunzo wakawa ndio wanaolisha jamaa. Vivyo hivyo binti anayeingia darasa la uchomeleaji au la magari: hahitaji kuonewa huruma, anahitaji ovaroli inayomtosha, choo safi karibu na karakana, na mwalimu anayempa kazi ile ile anayowapa wavulana.

Tuwatunze vipi?

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Ngomani, anayecheza vizuri hubandikwa noti usoni mbele ya watu wote. Mafundi wetu wamecheza vizuri kwa muda mrefu. Tuzo yao iko wapi?

Ya kwanza imo mikononi mwa kila mmoja wetu: tuwalipe kwa wakati na kwa bei tuliyoafikiana. Mtu ambaye hathubutu kumwambia daktari "nitakuona mwisho wa mwezi" humwambia fundi hivyo bila kupepesa macho. Cheti hakiliwi. Kijana akidhulumiwa mara tatu ataacha kufuata taratibu alizofunzwa, atalipua kazi, na sote tutaishi na nyaya mbovu ukutani.

Ya pili ni ya serikali. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule za Likoni, mageti ya zahanati za Changamwe na sare za watoto wa chekechea Kisauni zinaweza kutengenezwa na wahitimu wa vyuo vilivyoko hapo hapo. Kaunti inayomsomesha kijana useremala kisha ikaagiza madawati kutoka mbali inajikata mkono wake.

Ya tatu ni kwa mafundi wakongwe waliojifunza kwa kutazama, ambao hawakuwahi kukanyaga chuo. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambapo fundi hupimwa kwa anachokiweza na kupewa cheti kinacholingana. Wahitimu wa vyuo ndio wanaofaa kuwashika mkono wazee hao, wawasaidie kujaza fomu na kukusanya ushahidi wa kazi zao. Wengi wa wazee hao ndio waliowapa wahitimu spana ya kwanza.

Na ya nne ni ya vyuo vyenyewe. Siku ya mahafali, meza kuu isiachiwe wanasiasa peke yao. Aitwe mchomeleaji wa Magongo, fundi majokofu wa Likoni na mshonaji wa Mlaleo, kila mmoja atajwe kwa jina, kwa kazi aliyoifanya na kwa idadi ya vijana aliowafunza. Wazazi waliokaa chini ya turubai wasikie, ili mtoto atakayesema anataka kusomea ufundi asiulizwe tena lini ataenda chuo kikuu. Aulizwe anataka kufunzwa na nani, na apelekwe.