Hongo na Mita: Funzo la Njia ya Tabora



Kila mwenye shamba la karafuu aijua kazi ya mizani. Karafuu kavu ikifika kituoni, mwenye mali hakai mbali akangoja kuambiwa uzito. Husogea, hutazama, na akitoka hapo ana karatasi yake mkononi. Lakini mtu huyo huyo akipigiwa hodi nyumbani na msoma mita ya maji, aghalabu hata kitini haondoki. Humwambia mtoto, "Mwonyeshe mita ilipo," na mwisho wa mwezi akiletewa ankara hushika kichwa. Twaona yafaa kulisema jambo hili katika gazeti letu, kwa kuwa fedha ipoteayo kwa bomba ni fedha ile ile iliyopatikana juu ya mkarafuu.

Mfano wetu tumeutoa mbali, huko Tabora, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Wanyamwezi hatuna ugeni nao. Ndio waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na baada ya utumwa kukomeshwa visiwani mwaka 1897, wengi wao walikuja kupalilia na kuchuma karafuu katika mashamba yetu. Ya pili, katika njia ile ya misafara watu walijifunza zamani sana taabu ya kulipia maji bila kipimo.

HONGO YA NJIANI

Katika karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Tabora, na kutoka hapo ikaenda Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Msafara ulipoingia Ugogo, nchi kavu yenye maji haba, hapana budi kutoa hongo kwa watemi wenye nchi na visima. Hongo hiyo haikuwa rushwa kama neno lilivyo leo. Ilikuwa ushuru wa mwenye nchi: umekunywa maji yake, umepita katika ardhi yake, basi mlipe. Ililipwa kwa merikani, kaniki, shanga na masango.

Ubaya wake ni kuwa haikuwa na kipimo. Mtemi hutaja kiasi chake, na mkuu wa msafara hutaja chake. Wajumbe huenda na kurudi siku kadha wa kadha, huku wapagazi wanakula na posho inapungua. Mwenye msafara mkubwa hutozwa kwa ukubwa wake, na mwenye haraka hutozwa kwa haraka yake. Palipokosekana kipimo, maneno ndiyo yaliyokuwa mizani.

Hata hivyo wazee wale hawakukosa akili ya ushahidi. Mzungu Speke, aliyesafiri mwaka 1861 kutoka Unyanyembe kuelekea Karagwe, aliandika kwamba hongo ilipokubaliwa ngoma ilipigwa, ili watu wote wasikie kuwa msafara umekwisha lipa. Ngoma ile ndiyo iliyokuwa stakabadhi ya siku zile.

Na palipokuwa hapana maelewano, mambo yaliharibika. Mwaka 1871 Stanley alikuwako Tabora, akasimuliwa na Waarabu kwamba Mtemi Mirambo aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na matita matano ya nguo. Alipokwisha pewa, aliwaambia warudi walikotoka. Hayo ni maneno ya upande mmoja, na Mirambo naye alikuwa na madai yake juu ya watu wa Tabora. Lakini vita vilivyofuata vilifunga njia ya Ujiji, na biashara ikaumia pande zote.

Neno hongo limebaki, maana yake imegeuka. Leo ni fedha itolewayo kwa siri. Nasi twaona funzo humo: malipo ya haki yakikosa kipimo na ushahidi, hayakai mbali na rushwa.

RELI, WAYA NA BOMBA

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara. Umeme nao ukafuata reli. Mwaka 1931 kampuni ya DARESCO ilishika kazi ya umeme wa Dar es Salaam pamoja na miji ya njiani, yaani Dodoma, Tabora na Kigoma, na mwaka 1964 kampuni hiyo iliunganishwa na TANESCO. Kwa miaka mingi watu wa Tabora walimjua bwana msoma mita wa umeme, ajaye na daftari kutazama saa ndogo zilizo ukutani.

Kisha zikaja mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwenye mita ya namna hii hununua umeme kabla ya kuutumia, huingiza tarakimu zake 20, na hana haja ya kusomewa na mtu.

Maji hayakwenda njia hiyo upesi. Mji wa Tabora ulitegemea bwawa la Igombe, mpaka mradi uliozinduliwa mwaka 2021 ulipoleta maji ya Ziwa Viktoria kwa bomba katika miji ya Tabora, Nzega na Igunga. Nchi iliyokuwa ikihesabu matone ikapata maji ya mbali, na katika nyumba nyingi mita ya maji bado yangoja jicho la mtu. Ni hali ile ile tuliyo nayo wengi wetu visiwani. Umeme wa Pemba watoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 2010, na wengi huununua kabla ya kuutumia. Lakini ankara ya maji huanzia mlangoni.

MAMBO YA KUFANYA MLANGONI

Kwanza, mgeni akipiga hodi, muulize jina, ofisi na kitambulisho kabla hajavuka kizingiti. Si utovu wa adabu. Mfanyakazi wa kweli hachukii kuulizwa, na asiye wa kweli huanza kukasirika hapo. Ukiwa na shaka, mwambie kwa upole angoje barazani, nawe upige simu kwa namba iliyoandikwa katika ankara yako, si namba atakayokupa yeye. Wafundisheni hivyo wazee na watoto wanaobaki nyumbani wakati wa uchumaji, maana ndio siku nyumba nyingi huwa hazina watu wazima.

Pili, someni pamoja. Mita ya maji aghalabu huwa na tarakimu nyeusi, ambazo ni uniti kamili, na nyekundu, ambazo ni vipande vya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ikiwa mwezi uliopita tarakimu nyeusi zilikuwa 412, na leo ni 427, umetumia uniti 15, yaani ndoo 750. Hesabu hiyo mtoto wa shule aweza kuifanya. Andika tarehe na tarakimu katika daftari, au piga picha kwa simu.

Tatu, jihadhari na makisio. Msomaji akikuta mlango umefungwa, ofisi yaweza kukisia. Kisio dogo hupendeza, lakini deni halikufa, limelala tu. Mita itakaposomwa kweli, uniti zote zilizoachwa nyuma huja kwa pamoja, na penye bei ya ngazi huweza kukutia katika ngazi ya juu. Basi mita na iwe mahali pa kufikika bila kufunguliwa nyumba, na ukisafiri mwachie jirani tarakimu.

Nne, ankara ikipanda ghafula usianze kwa kumlaumu msomaji. Funga mifereji yote, kisha tazama gurudumu dogo la mita. Likizunguka, maji yavuja baada ya mita, na hilo ni lako kulitengeneza. Na pale ambapo maji hukatika na kurudi, upepo uliomo bombani huweza kuizungusha mita kabla ya maji kufika. Andika siku na saa za jambo hilo, ndipo uende ofisini na malalamiko yenye ushahidi.

Tano, usimpe mtu fedha mlangoni, hata akisema atakupunguzia. Lipa kwa njia iliyoandikwa katika ankara na utunze stakabadhi. Anayekupunguzia leo kwa kificho amekushika, kwa kuwa kesho atarudi, nawe hutakuwa na pa kushitaki. Hiyo ndiyo hongo kwa maana yake ya sasa, na haina hata ngoma ya kuishuhudia.

Sita, mwenye mita ya kununulia umeme kabla akijiwa na mtu wa "kusoma umeme", aulize zaidi. Wakaguzi wapo na wana haki ya kuangalia lakiri na waya, lakini wana vitambulisho vyao. Mwaka 2024 mita za namna hiyo zilipotakiwa kubadilishwa mpangilio duniani kote kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja wa TANESCO walipewa tarakimu za kuingiza wenyewe bila malipo. Aliyeijua habari hiyo hakuwa na sababu ya kumlipa mtu wa kumfanyia.

NENO LA MWISHO

Hatusemi haya ili msoma mita aonekane adui. Ni mtu wa kazi, atembea juani nyumba hadi nyumba, na mara nyingi hupokewa kwa mbwa na matusi kwa ajili ya bei asiyoipanga yeye. Mpe kiti na maji ya kunywa. Lakini heshima yake na haki yako zaweza kukaa baraza moja, na kinachozipatanisha ni kule kutazama mita ile ile kwa wakati mmoja.

Msafiri wa Ugogo hakuwa na kipimo ila maneno yake. Sisi tunacho, kimefungwa ukutani, na kukitazama hakuhitaji zaidi ya dakika mbili kwa mwezi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twawaomba wanachama, kabla msimu haujaanza, kila nyumba ifungue daftari moja dogo, iandike tarakimu za leo, na kulitundika karibu na mita.