Meza Iliyoachwa Tupu kwa Makusudi

Wakati wa kiangazi, ukifika kwenye kioski cha maji Kitui utakuta mitungi ya njano imepanga foleni. Mwenye mtungi mmoja wa lita 20 hujaza akaenda zake. Lakini akitanguliwa na mwenye punda wanne, kila punda na mitungi minne, hiyo ni mitungi 16, na jua litamkuta palepale. Bomba ni lilelile. Tatizo ni kwamba hakuna ajuaye nani atakuja na punda.

Chumba cha upasuaji, au thieta kama tulivyozoea kukiita, kina shida iyo hiyo. Tuseme mzee wa Kibwezi amepangiwa kupasuliwa ngiri saa nne asubuhi. Tangu usiku hajala, maana anayepewa dawa ya usingizi sharti tumbo liwe tupu. Aliyemtangulia, mwenye paja lililovunjika, alikadiriwa kuchukua muda wa saa mbili. Anachukua tatu na nusu. Mara analetwa mama ambaye uchungu umekwama. Huyo hasubiri, wala hapaswi kusubiri. Jioni mzee anaambiwa arudi wiki ijayo, na binti yake ameshamaliza nauli.

Daktari hana kosa hapo, mama hana kosa. Iliyokosea ni ratiba, iliyojazwa pomoni kana kwamba dharura haitatokea.

Hesabu za jambo hili zilianzia kwenye simu. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyefanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazoingia bila mpango, na hapo ikazaliwa elimu ya foleni. Katika mfano mwepesi wa elimu hiyo, wa mhudumu mmoja, akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, anayefika husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa mtu mmoja. Ikiwa asilimia 90, mara 9. Ikiwa 95, mara 19! Hospitali haifuati mfano huo hatua kwa hatua, ila mwelekeo ni huo: ukikaribia kujaa, foleni haiongezeki kidogo kidogo, inafurika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali ya St. John's huko Springfield, Missouri, Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji, vyote vimejaa. Ilishauriwa itenge kimoja kwa ajili ya dharura tu. Madaktari walipinga: tumebanwa, nanyi mnatunyang'anya chumba? Kilipotengwa, idadi ya upasuaji ilipanda kwa zaidi ya asilimia 5, kwa sababu dharura hazikuvuruga tena ratiba za wengine.

Hospitali zetu za Ukambani hazina vyumba 32. Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili, kwa kuwa penye meza moja au mbili za upasuaji dharura moja hupindua siku nzima. Chumba hatuwezi kutenga, saa tunaweza. Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, hakuna atakayetabiri ajali ya usiku wa leo, lakini daftari la thieta la mwaka uliopita litaonyesha dharura ngapi huja Ijumaa na ngapi Jumatatu. Kulihesabu hakugharimu mashine yoyote, na hapo tutajua saa za kutenga kila siku. Katika ratiba iliyobaki, watoto na wenye kisukari, wasioweza kufunga muda mrefu, watangulie. Kisha upasuaji ambao muda wake unajulikana. Ule usiotabirika uwekwe mwisho, usicheleweshe wengine.

Mwaka 2016 Makueni ilianza mpango ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Makali ya gharama yakapungua. Lakini muda wa kusubiri bado unawaumiza watu wetu.

Basi waheshimiwa wawakilishi wadi, mkizuru hospitali na kukuta meza ya upasuaji tupu saa nne asubuhi, msikimbilie kuita uzembe. Ulizeni kwanza imetengewa nani.