Anayekataa Sinia

Ukikaribishwa sinia la wali wa nazi na kamba huku Kibiti, pwani ya Tanzania, ukakataa bila sababu, wenyeji hawatafikiria mafuta. Watajiuliza wamekukosea nini.

Mwaka 1997 daktari wa Marekani, Steven Bratman, aliandika kuhusu watu ambao ulaji bora umewageukia kifungo. Aliiita hali hiyo othoreksia. Mtu anaacha sukari, kisha mafuta, kisha wali, mpaka anakwepa harusi na hitima kwa kuogopa sufuria za watu. Mgonjwa wa kisukari anayepunguza wali kwa ushauri wa daktari simhesabu humo. Hata hivyo, othoreksia haijapewa nafasi yake katika miongozo mikuu ya magonjwa ya akili.

Kwa nini ushauri uleule humsaidia mmoja na kumfunga mwingine? Baadhi ya wanasaikolojia wanarudi utotoni, kwenye mfungamano wa mtoto na mlezi wake. Nadharia ya mfungamano ni ya Mwingereza John Bowlby, lakini ushahidi wake wa mapema ulipatikana hapa jirani, Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kutembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala. Alitaka kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa. Akakuta imefifia, basi akabaki kutazama: nani analia mama akitoka, nani anatulia akirudi. Watoto wa mama waliojua kusoma dalili zao walikuwa watulivu zaidi. Taasisi iliyompokea, kule Makerere, iliongozwa na Audrey Richards, ambaye tayari mwaka 1939 alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu chakula na maisha ya Wabemba. Chakula na mfungamano vilikaa chini ya paa moja, ila wachache walivifunga pamoja.

Leo wapo wanaojaribu, kwa madodoso ya watu wazima. Katika baadhi ya tafiti, wanaohofia kuachwa, au wasiopenda kumtegemea mtu, hupata alama za juu za othoreksia. Maelezo yanaingia akilini: binadamu anaweza kukuacha, lakini sahani uliyoipima mwenyewe inakutii. Ila dodoso la siku moja halisemi kipi kilitangulia.

Shaka yangu kubwa iko kwenye maswali yenyewe. Bratman aliuliza kama mtu hutumia zaidi ya saa tatu kwa siku akiwaza chakula bora. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mama wa Muhoro, Rufiji, aliyewaza siku nzima wanawe watakula nini apewe alama ngapi? Tena huku kwenye delta ya Rufiji mtoto hulelewa na mama, bibi, shangazi na dada. Mlezi gani aandikwe kwenye fomu ya mfungamano?

Kama dodoso hilo litaletwa huku deltani, Nyamisati au Salale, ningeanza na swali lingine: ni chakula cha nani usichoweza kukila, hata ukiwa na njaa?