Bunduki Iliyowatoa Askari kwa Moshi

Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora, hapa jirani na Kipalapala, na kuendelea hata Ujiji, ilipitisha pembe, nguo, na bunduki. Nyingi zilikuwa magobori. Mwenye gobori aliijua taabu yake: hutia baruti mdomoni mwa mtutu, kisha risasi, kisha hushindilia kwa ufito, na adui hangoji.

Ulaya nako mafundi walihangaika na taabu hiyo hiyo. Waprusia, tangu mwaka 1841, walikuwa na bunduki ya sindano, ijazwayo kwa nyuma. Risasi na baruti zilifungwa pamoja katika karatasi, na sindano ndefu ilitoboa baruti mpaka kugonga fataki. Lakini sindano hiyo, kwa kuwa ilikaa katika moto, iliharibika na kuvunjika upesi.

Basi, katika mji mdogo wa Oberndorf, Ujerumani, kiwanda cha bunduki cha mfalme kilikuwa ndani ya nyumba iliyokuwa zamani ya watawa wa Mt. Augustino. Humo alifanya kazi fundi Mauser, pamoja na wanawe Wilhelm na Paul. Paul, aliyezaliwa mwaka 1838, alikuwa mtoto wake wa 13. Kijana huyo alibuni komeo la chuma, mfano wa komeo la mlango: ukiligeuza, springi inajikaza yenyewe, na bunduki iko tayari.

Lakini nani atamsikiliza fundi maskini? Mwaka 1867 Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliwachukua ndugu hao mpaka mji wa Liège, Ubelgiji. Huko zilitengenezwa bunduki chache tu za kujaribia. Norris hakuona faida, akaacha. Ndugu wakarudi kwao mikono mitupu. Hata hivyo Waprusia walikuwa wameijaribu kazi yao. Wakaisahihisha, na bunduki ya Mauser ikapokewa kuwa silaha ya jeshi, ikaitwa ya mwaka 1871. Zile chache za Liège leo ni adimu mno.

Bunduki hiyo ilitumia ganda la shaba, risasi moja moja, na baruti nyeusi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi mwingi; mara ile ya 1871 ikawa ya kizee. Je, ilitupwa? Sivyo. Ililetwa kwetu, wakapewa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani.

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi walikuwa nayo bado. Kila walipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka, na adui akajua pa kulenga. Palipo na moshi pana moto, wasema wazee. Huko palikuwa na mtu. Wengine walipata bunduki mpya, zilizotekwa Tanga Novemba 1914, au zilizoletwa na meli Rubens mwaka 1915. Lakini hazikuwatosha wote. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.

Ndivyo ilivyokuwa: kilichochakaa mkononi mwa mkubwa alikabidhiwa mdogo, naye akakilipia kwa uhai wake.