Ralanti inapanda na kushuka: namna ya kutafuta ugonjwa wa motere iliyoongezewa nguvu

Barabarani gari inavuta vizuri. Lakini ikisimama tu kwenye msongamano, motere inaanza kuhema: maturu yanapanda mpaka 1 500, yanashuka mpaka 500, gari inatetemeka, na mara ingine inazimika. Wenye magari ya nguvu katika miji ya mashariki wanajua ugonjwa huo. Wengi wanaulipia mara mbili ao tatu, juu kila garaje inabadilisha kipande kimoja bila kupima kitu.

Magari yenyewe ni yale ya kutoka Japani, volan kulia, yanayopitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam: Toyota Mark II na Chaser zenye motere 1JZ-GTE, Celica zenye 3S-GTE, Subaru Impreza zenye turbo. Vijana wanapenda kuzibadilisha kama zile wanazoona kwenye rali za Uganda na Rwanda: turbo kubwa, maenjektere makubwa, filtre ya wazi, eshapoma pana. Nguvu inapatikana, lakini kila badiliko linagusa ralanti.

Ralanti ni nini hasa?

Ni mwendo wa motere wakati mguu hauko kwenye aksileratere. Kwa motere ya esansi iliyopata moto, kawaida ni kati ya maturu 600 na 900 kwa dakika. Wakati huo papiyoni, kile kifuniko kinachopitisha hewa, inakuwa karibu imefungwa kabisa. Hewa inayoingia ni kidogo sana, na kalkilatere, ile ordinatere ndogo ya motere, inapima esansi kulingana na hewa hiyo: karibu gramu 14,7 za hewa kwa gramu 1 ya esansi.

Sababu kila kitu ni kidogo, kosa dogo linaonekana kubwa. Tundu la upana wa msumari kwenye tiyo ya hewa halisumbui gari inayokimbia. Kwenye ralanti, tundu hilo hilo linaweza kuizimisha.

Hatari iko wapi?

Si suala la kelele tu. Msaada wa freni katika magari mengi ya esansi unatumia mvuto wa hewa wa motere. Motere ikizimika kwenye mteremko, kama ile ya Bukavu, pedali inabaki na msaada kwa kukanyaga mara chache, kisha inakuwa ngumu. Volan nayo inakuwa nzito. Tena, motere ya turbo inayopata hewa nyingi kuliko esansi inaweza kuyeyusha pistoni siku mwenyewe anapoikaza. Hapo hesabu si ya tiyo tena, ni ya motere nzima.

Tofautisha tabia na ugonjwa

Motere iliyowekewa arbakame kali, ile fimbo yenye matuta inayofungua masupape, haitalala kimya kama gari ya taxi. Masupape ya kuingiza na ya kutoa yanabaki wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, moshi kidogo unarudi ndani, na motere inadunda. Kama mdundo ni uleule kila wakati na maturu hayakimbii, hiyo ni tabia. Volan ya motere iliyopunguzwa uzito pia inaongeza mtetemeko. Lakini maturu yakipanda na kushuka kama mutu anayecheza na aksileratere, ao silinda moja ikikosa moto, huo ni ugonjwa.

Hatua ya kwanza: hewa ya wizi

Njo sababu ya kutafuta mbele ya zote. Barabara zetu, hasa zile za mawe ya volkano za Goma, zinatikisa gari mpaka makolie ya tiyo yanalegea. Mipira ya zamani inapasuka. Na mutu aliyeweka turbo ao kolektere mpya ameongeza viungo vingi vinavyoweza kuvuja.

Fundi asikilize kama kuna mlio wa kufyonza. Abane tiyo ndogo moja kwa moja kwa pensi laini. Ralanti ikitulia, amefika, lakini akumbuke kuangalia na tiyo ya msaada wa freni. Anaweza pia kunyunyiza maji kidogo kwenye viungo vya kolektere, mbali na mabobini na waya: mlio ukibadilika, tundu liko pale. Kunyunyiza esansi ao dawa ya kusafisha karburatere kwenye motere ya moto kumeshaunguza magari. Mashine ya moshi ni bora, kama garaje iko nayo.

Dalili inategemea namna motere inavyopima hewa. Kama iko na kaptere inayopima hewa inayopita, kama Subaru nyingi, hewa ya wizi haihesabiwi: esansi inapunguka na maturu yanayumba. Kama inapima presha ndani ya kolektere, kama 1JZ-GTE, kalkilatere inaona presha imepanda na kuongeza esansi. Mara nyingi ralanti inabaki juu sana.

Hapa kuko mtego wa turbo. Wengi wanaweka valve inayotupa hewa nje kwa sababu ya mlio wake. Kwenye gari inayopima hewa inayopita, hewa hiyo imeshahesabiwa. Ikitupwa nje, esansi inabaki nyingi, na gari inazimika dereva anapoachia aksileratere. Dawa ni kuirudisha hewa hiyo kwenye tiyo, nyuma ya kaptere, kama kiwanda kilivyofanya.

Hatua ya pili: moto na uchafu

Fungua mabujie yote na uyapange kwa mfululizo wa silinda. Moja nyeusi na nyingine nyeupe zinaonyesha silinda gani inaumwa. Motere ya turbo yenye presha nyingi inahitaji nafasi ndogo kwenye bujie, mara nyingi kati ya milimita 0,6 na 0,8. Kisha chomoa plagi ndogo ya bobini moja baada ya nyingine motere ikitembea. Silinda ambayo haileti tofauti ikichomolewa, njo hiyo haifanyi kazi.

Safisha papiyoni na valve ya ralanti; vumbi na mafuta ya motere vinaziba njia yao haraka. Angalia pia esansi. Ile ya chupa ya kando ya barabara inaweza kuwa na maji ao petroli ya taa, na hakuna kaptere itakayorekebisha hiyo.

Hatua ya tatu: soma namba

Kwenye magari yenye plagi ya kisasa, skaneri inaonyesha kalkilatere inaongeza ao inapunguza esansi kwa kiasi gani. Ikiongeza zaidi ya asilimia 10 kwenye ralanti, na kurudi karibu na sifuri kwenye maturu 2 500, hiyo inaelekeza kwenye hewa ya wizi. Ikiongeza zaidi kwenye mwendo mkubwa, angalia pompe, filtre ya esansi na kaptere ya hewa. Lakini eshapoma inayovuja mbele ya sonda ya oksijeni inadanganya: hewa ya nje inaingia, sonda inasema esansi haitoshi.

Toyota za zamani hazisomwi na skaneri ya kawaida. Zinaunganishwa TE1 na E1 kwenye boksi ya diagnostiki chini ya kapoti, na taa ya motere inamulika ikihesabu kosa. Kwenye 1JZ-GTE, kiungo hicho hicho kinatumiwa kukagua avansi ya moto, inayotakiwa kuwa karibu digri 10.

Usisahau urefu wa nchi. Vitabu vinasema mvuto wa motere yenye afya ni inchi 17 mpaka 21 za zebaki, lakini hiyo ni kando ya bahari. Kila metre 300 inapunguza karibu inchi 1. Goma, kwenye karibu metre 1 500, inchi 12 mpaka 16 zinaweza kuwa afya. Arbakame kali inazipunguza tena. Kompresyo nayo inashuka. Kinachohesabiwa zaidi ni tofauti kati ya silinda: ikizidi asilimia 10 mpaka 15, tafuta zaidi.

Mwisho kabisa: programu

Enjektere kubwa haipendi kufunguka kwa muda mfupi sana. Kama kalkilatere haijaambiwa muda unaopotea enjektere ikifunguka, ralanti haitatulia, na batri dhaifu itaongeza shida. Programu iliyopangwa pwani inaweza pia kukosea huku juu, hasa ile inayoangalia ufunguzi wa papiyoni peke yake. Lakini kuipanga kabla ya kuziba matundu ni kufunika kidonda kichafu: tiyo ikipasuka zaidi, kazi inaanza upya.

Mbele ya kulipa, uliza fundi maswali matatu: umepima nini, namba ilikuwa ngapi, na ulibadilisha kitu kimoja kwa mara moja? Mwambie nawe ukweli wote: kipande gani kiliongezwa, lini, na ugonjwa ulianza mbele ao nyuma yake. Mara nyingi jibu liko pale. Na motere isipimwe ikiwa ndani ya nyumba iliyofungwa: moshi wake una gesi isiyo na harufu, na inaua.