Vumbi la Jiwe la Sabuni na Afya ya Wachongaji wa Tabaka

Tabaka, katika nchi ya Wagusii kusini-magharibi mwa Kenya, ni mahali ambapo jiwe la sabuni huchimbwa, huchongwa na kuuzwa. Wageni huja kutazama machimbo na mafundi, kisha huondoka na sahani, vifaru na sanamu. Wasichokiona ni jinsi vumbi linavyogawanyika. Kwa desturi wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na visu. Wanawake hulainisha kwa msasa na maji. (Msasa kwa asili ni mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumiwa na mafundi kabla ya karatasi ya dukani.) Tofauti hiyo ya maji si ndogo: unga uliolowa huzama karaini, bali unga mkavu hupaa.

Vumbi linaloonekana si lenye hatari kubwa zaidi. Chembe zifikazo ndani kabisa ya mapafu ni ndogo mno kwa jicho, na leso iliyofungwa puani haizizuii. Zikiwa na silika, mapafu hufanya makovu yasiyopona. Ugonjwa huo, silikosisi, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi.

Hapa lugha yenyewe ina sehemu yake. Mwenye kikohozi cha siku nyingi husemwa kuwa "ana kifua", na kifua kinachojulikana na wengi ni kifua kikuu. Fundi akipimwa makohozi, akaambiwa hana kifua kikuu, hurudi kwenye jiwe akijidhania mzima. Tena mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi zaidi. Dawa zikikiponya, makovu hubaki.

Mwaka 1700 tabibu Mwitalia Bernardino Ramazzini aliwahimiza waganga wamwulize kila mgonjwa kazi yake. Swali hilo, lisilo na gharama, lingemfaa vilevile mchongaji wa malakiti wa Katanga, ambaye vumbi lake ni la shaba.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humgusa hata anayejiajiri. Lakini karakana ikiwa ua wa nyumba, ni mkaguzi gani atakayefika? Yanayowezekana leo ni machache: kulowesha jiwe kabla ya kulichonga, kukaa upepo ukitokea mgongoni, kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na kuvua nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto.