Keshia, Toroli na Kaimu Naibu Meneja

Ninaandika kutoka Johannesburg.

Wenzetu wa Uingereza bila shaka mnaifahamu Trollied, ile tamthilia ya kuchekesha iliyoonyeshwa na Sky 1 kuanzia Agosti 2011 hadi 2018. Kwa wasioijua: visa vyote vinatokea ndani ya supamaketi ya kubuni iitwayo Valco, mjini Warrington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Sisi tumelichukua lile neno la Kiingereza tukapata toroli, na mambo yakaishia hapo. Lakini katika lugha ya mitaani ya Waingereza, mtu aliye "trollied" ni mtu aliyelewa chakari. Hebu jaribu kulitafsiri jina hilo! Ukisema fulani "ametoroliwa" utacheka peke yako.

Kuna utani mwingine, hata hivyo, ambao Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Julie, anayeigizwa na Jane Horrocks katika misimu ya mwanzo, ni kaimu naibu meneja, na hamu yake kubwa ni kuondolewa hilo neno "kaimu". Sisi tuliotoka katika nchi ambako mtu anaweza kukaimu mpaka akastaafu, Julie tunamjua vizuri sana. Uwezo wa kuamua hana, lakini kuamrisha lazima aamrishe.

Hiyo ndiyo kanuni ya vichekesho vya Waingereza vya mahali pa kazi, tangu Are You Being Served? ya BBC (1972 hadi 1985), iliyokuwa ndani ya duka kubwa la nguo. Wakusanye watu wa madaraja mbalimbali mahali ambapo hawawezi kukimbiana, kisha mpe cheo kidogo yule anayekipenda mno. Na kuna sharti moja: mwisho wa kipindi kila mtu arudi mahali pake. Meneja ofisini, muuza nyama buchani, keshia kwenye kiti chake. Kesho duka litafunguliwa kama jana. Bila hivyo hakuna kipindi cha wiki ijayo.

Sasa, kwa nini ninayaandika haya kutoka huku? Kwa sababu historia ya mji huu inalitia shaka sharti hilo.

Kwanza, vichekesho vya Waingereza kwa miaka mingi havikuwa na njia rahisi ya kufika hapa. Televisheni ya SABC, yenye makao yake Auckland Park, ilianza rasmi tarehe 5 Januari 1976, na mwaka huohuo Equity, chama cha waigizaji wa Uingereza, kilipiga marufuku vipindi vya wanachama wake kuuzwa Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Marufuku hiyo ilidumu hadi mapema miaka ya 1990. SABC ikategemea sana vipindi vya Marekani na vya nyumbani. Ndipo mwaka 1986 watu wakampata Joe Mafela katika 'Sgudi 'Snaysi, akiwa S'dumo, mpangaji asiye na kazi lakini mwenye maneno.

Vichekesho vilizuiwa kuingia, lakini matunda ya Makaburu yaliendelea kutoka na kujaa kwenye supamaketi za Ulaya. Na aliyeyazuia hakuwa waziri. Tarehe 19 Julai 1984, Mary Manning, keshia wa miaka 21 katika duka la Dunnes Stores mjini Dublin, alikataa kumpigia mteja hesabu ya mabalungi ya Afrika Kusini, akifuata agizo la chama chake cha wafanyakazi. Akasimamishwa kazi palepale. Wenzake wachache wakatoka naye, na mgomo ukachukua karibu miaka mitatu.

Mwaka 1985 wagomaji hao walipanda ndege kuja kujionea wenyewe, kwa mwaliko wa Askofu Desmond Tutu. Walipofika uwanja wa Jan Smuts hapa Johannesburg (siku hizi O.R. Tambo) waliwekwa chini ya ulinzi wa silaha, kisha wakarudishwa kwao. Serikali nzima ikiwaogopa makeshia! Mwaka 1987 Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini.

Na makeshia wa hapa je? Chama chao, CCAWUSA, kilianzishwa mwaka 1975, na katibu mkuu wake alikuwa Emma Mashinini. Alikamatwa Novemba 1981, akawekwa kizuizini karibu miezi sita, muda mwingi akiwa peke yake. Alitoka na kuendelea na kazi ya chama. Desemba 1986 wafanyakazi wapatao 10,000 wa OK Bazaars, kampuni iliyozaliwa mji huuhuu mwaka 1927, wakagoma kwa wiki kumi hivi wakidai mishahara.

Sisemi Trollied ni mbaya. Inachekesha kwelikweli, na inawacheka zaidi wenye vyeo kuliko wasio navyo. Ninalosema ni kwamba kicheko chake kinasimama juu ya dhana kwamba keshia hana la kufanya ila kutabasamu na kusubiri zamu iishe. Hapa dhana hiyo haisimami. Keshia ni mtu wa mwisho anayeigusa bidhaa kabla haijawa yako, na siku akiinua mkono wake, toroli zote nyuma yako zinasimama.

Kwa hiyo akitokea mwenzetu wa kuandika vichekesho vya supamaketi kwa Kiswahili, shauri langu ni moja: kamera iwekwe kwenye kiti cha keshia. Kaimu naibu meneja atakuja mwenyewe, hahitaji kuitwa.

Wenzangu mnasemaje?